Majina yageuzwa ofisini, njaa yabaki kwa mama

GOMA – Mama aliyetoka Masisi na watoto watano anasimama kwenye mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Akifika mbele anaonyesha jetoni yake, naye karani anatazama kompyuta na kusema: "Jina lako haliko." Jina liko. Liko mistari michache chini, limegeuzwa: la mwanzo limepelekwa mwisho, la katikati limetupwa. Aliyeligeuza yuko ofisini, na anayerudi mikono mitupu ni mama.

Mambo haya yamezoeleka mno kwa wahami wa vita wa Goma na Nyiragongo, hata wengine wanayaita bahati mbaya. Bahati haihusiki hapa. Ni uzembe, na unaweza kurekebishwa.

Mkongomani ana majina matatu. Kadi ya kura, ambayo kwa wengi ndiyo kitambulisho pekee, imeandikwa Nom, Post-nom na Prénom. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu, watu wakachukua jina la pili la kienyeji mahali pa lile la ubatizo. Marufuku ilipolegezwa mwaka 1990, jina la ubatizo likarudi, na lile la pili halikuondoka. Lakini programu nyingi za kuandikisha watu zilitengenezwa kwa watu wa majina mawili, la mtu na la ukoo. Karani analazimika kubana matatu ndani ya visanduku viwili, na kila karani anabana kwa namna yake.

Chukua mfano wa Kahindo Mapenzi Espérance. Kwenye liste moja ni Espérance Kahindo, kwenye nyingine Kahindo Mapenzi, na kwenye ya tatu Esperance Mapenzi, herufi yenye alama ikiwa imepotea au imekuwa mikwaruzo isiyosomeka. Kompyuta inaona watu watatu. Na hicho kisanduku cha "jina la ukoo" kina kichekesho chake. Kwa Wanande, Paluku, Kambale au Kasereka ni jina la zamu ya kuzaliwa. Ndugu wa tumbo moja hawalingani, na Kambale mia moja kwenye liste hawana ukoo mmoja.

Mwanzoni mwa 2025, M23 ilipochukua Goma na kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo zikavunjwa, watu walitawanyika. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia kwa familia za mjini. Kila walipofika waliandikwa upya. Mabenki nayo yalifunga, pesa zikapita kwenye simu, na laini ya simu mara nyingi imeandikwa kwa jina la mume, la mtoto au la jirani. Hapo kuna jina la nne la kulinganisha.

Ofisi zinajitetea: kuna watu wanaojiandikisha mara mbili. Ni kweli wapo. Lakini si kila jina linalojirudia kwenye liste ni la mwizi. Anayekutwa na jina lililopinda ni yule asiyeshika kalamu, aliyeandikiwa na wengine.

La kuudhi zaidi ni kwamba ofisi hizohizo zimekwisha tatua jambo hili kwa wafanyakazi wao. Kwenye mitandao ya Windows, tangu mwaka 2000, mfanyakazi mmoja ana jina la akaunti la namna kadhaa: refu la jina kamili, lenye alama ya @, na fupi lenye jina la mtandao na mkwaju. Mashine hugeuza moja kuwa jingine bila kumpoteza mtu, kwa sababu chini ya majina yote kuna namba moja isiyobadilika. Mfanyakazi akiolewa na kubadili jina, akaunti inamfuata. Na mashine ikikuta watu wawili wanaofanana haikisii wala haifuti: inajibu kwamba jina hilo si la mmoja tu, mtu atazame. Mhami hakupewa hata adabu hiyo ya mashine.

Basi liste zote zibebe namba ya jetoni pamoja na visanduku vitatu vya majina, na anayegeuza jina aache lile la kwanza lionekane. Majina yanayokaribiana yaulizwe kabla ya kufutwa. Liste ipitishwe bloki kwa bloki siku chache kabla ya ugawaji, makosa yasahihishwe kabla gari halijafika. Na aliyekutwa na jina lililoharibika asiambiwe arudi mwezi ujao: apewe siku hiyohiyo, kwa ushuhuda wa kiongozi wa bloki na majirani wawili, karatasi ya marekebisho ibaki kwa karani.