Kigari cha Kale: Tukirudishie Mwendo, Tusikifutie Historia

Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kitu ambacho wengi watakihesabu kuwa mchezo wa watoto. Ni vile vigari vidogo vya mashindano vinavyoendeshwa kwa redio, hasa vilivyotengenezwa katika miaka ya 1970 na 1980. Leo watu wazima wa Ulaya, Marekani na Japani wanavitoa darini, wanavifungua, wanavisafisha na kuviwekea mitambo mipya. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, ndani yake limo swali zito kuliko kigari chenyewe: mtu anapoboresha kitu cha kale, je, anakifufua au anakizika?

Tutangulize msimamo wetu. Tunaamini kwamba kigari cha kale chafaa kurudishwa uwanjani, maana hakikuundwa ili kikae kabatini. Tunaamini vilevile kwamba kila kinachoongezwa juu yake kiwe cha namna inayoweza kuondolewa tena, na kila kinachotolewa kitunzwe. Anayevuka mpaka huo hatengenezi tena, bali anafuta.

Tukumbuke kwanza vitu hivi vilitoka wapi. Katika mji wa Shizuoka nchini Japani, kampuni ya Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Baadaye iligeukia kutengeneza mifano midogo ya mbao, kisha ya plastiki. Mwaka 1976 ikatoa kigari chake cha kwanza cha kuendeshwa kwa redio, mfano wa Porsche 934. Katika kuuandaa mfano wa gari hilo, Shunsaku Tamiya, mwana wa mwanzilishi, alinunua gari halisi la Porsche 911, nalo likafunguliwa ili viungo vyake vitazamwe kwa makini. Mzee huyo, aliyeiongoza kampuni kwa miaka mingi, alifariki dunia mwezi Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 90.

Mwaka 1984 kampuni hiyo ilitoa Hornet, kigari cha kukimbia kwenye vumbi na changarawe, chenye ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi. Magurudumu yake ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na chasisi yake ni ya plastiki yenye umbo la beseni. Hakikuuzwa kikiwa tayari. Mnunuzi alipewa boksi la vipande na kitabu cha michoro, akakaa mezani akaunga gia, akajaza mafuta katika shokapu za nyuma, akapaka rangi bodi ya plastiki angavu kwa upande wa ndani, kisha akabandika stika moja baada ya nyingine. Redio na betri alizinunua kando.

Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yetu. Kiwanda kilitoa vipande. Kigari kilitengenezwa na mtoto pamoja na baba yake, au na kijana peke yake chumbani. Stika iliyokaa upande, rangi iliyovuja pembeni mwa dirisha na skrubu iliyokazwa kupita kiasi ni alama za mikono ya mtu. Hornet mbili zilizotoka katika maboksi yanayofanana hazikuwa sawa hata siku ya kwanza. Basi anayekifungua kigari hicho baada ya miaka arobaini anaifungua pia kazi ya mtu mwingine, ambaye huenda hayupo tena duniani kuulizwa.

Kwa sababu hiyo, kazi hii yataka subira tangu skrubu ya kwanza. Skrubu za Kijapani za zama zile zina msalaba kichwani, lakini msalaba wake umechongwa kwa kipimo cha Japani. Bisibisi ya kawaida ya msalaba hailali vizuri humo. Huteleza, na kichwa kikaharibika. Mwenye busara hutafuta bisibisi inayolingana nazo, hugawa skrubu katika vikopo kwa kadiri ya mahali zilipotoka, na hupiga picha kabla ya kuondoa chochote. Plastiki huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Petroli na thina hazifai, kwa kuwa huidhoofisha plastiki, na bodi angavu huweza kupasuka nyufa. Ndani ya sanduku la gia, grisi ya zamani huwa imekauka na kushikamana na vumbi. Hiyo huondolewa yote, meno ya gia yakaguliwe, ndipo grisi mpya ipakwe.

Yapo maboresho ambayo tunayaunga mkono bila kusita. La kwanza ni beringi. Vigari vingi vya aina hii viliuzwa vikiwa na bushi tu ili bei iwe nafuu. Ekseli ikizunguka ndani ya bushi iliyoingiwa na mchanga, huisaga bushi na yenyewe ikasagika. Beringi za kipimo kilekile huingia mahali pa bushi bila kukata wala kutoboa kitu, kigari kikawa chepesi na betri ikadumu zaidi. La pili ni redio. Redio nyingi za zamani zilitumia masafa ya megahezi 27, na madereva wawili wenye kristali za chaneli moja waliingiliana hata kigari kikamkimbia mwenyewe. Redio za sasa za gigahezi 2.4 zimeondoa adha hiyo. La tatu ni kidhibiti mwendo. Kile cha zamani kilikuwa swichi inayosukumwa na mota ndogo, na umeme uliozuiwa ili kupunguza mwendo uligeuka joto tupu katika rezista. Cha kisasa cha kielektroniki hupoteza umeme kidogo sana. Yote matatu yanaweza kutolewa jioni moja, na kigari kikarudi kama kilivyokuwa.

Kuhusu betri, hatuna budi kusema kwa uzito zaidi, maana hapa jambo linavuka historia na kugusa usalama wa nyumba. Betri za zama zile zilikuwa za nikeli na kadimiamu, na kadimiamu ni sumu. Betri iliyokufa isitupwe jalalani wala kuchomwa moto, bali ipelekwe mahali zinapokusanywa. Mbadala wake mpole ni betri ya nikeli-haidraidi, yenye volti zilezile 7.2. Lakini wengi, kwa tamaa ya kasi, hukimbilia betri za lithiamu. Betri ya lithiamu yenye seli mbili hufikia volti 8.4 ikijaa, na kila seli haipaswi kushuka chini ya volti 3 hivi. Kidhibiti cha zamani hakijui kukata umeme seli zinapokaribia kiwango hicho. Huendelea kuzinyonya mpaka ziharibike. Seli iliyoharibika hivyo, ikirudishwa kwenye chaja, yaweza kuvimba na kuwaka moto. Basi anayetaka lithiamu aweke kwanza kidhibiti kinachoilinda, atumie chaja yake maalumu, na asiiache ikichajiwa bila mtu kuiangalia.

Sasa tuje kwenye maboresho tunayoyapinga. Wapo wanaochukua Hornet ya mwaka 1984, wakaikata chasisi yake, wakaitoboa ili kushika mota kubwa ya kisasa isiyo na brashi, wakatupa shokapu za zamani, na bodi yenye makovu wakaitia pipani. Matokeo yake ni nini? Sanduku la gia lililoundwa kwa mota ya wastani hushindwa kuhimili nguvu hiyo, meno yakakatika, na ekseli ya nyuma ikarukaruka kigari kisishikike. Mtu amepoteza cha kale, wala hakupata cha kisasa. Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tunajua jibu litakalotolewa: “Ni mali yangu, nimeinunua kwa fedha yangu.” Ni kweli, na hatumnyang'anyi mtu haki yake. Lakini anayetamani kasi anayo njia iliyo rahisi zaidi. Tangu mwaka 2004 Tamiya imekwisha kuitoa Hornet upya. Anaweza kuikata hiyo apendavyo bila kufuta kumbukumbu ya mtu yeyote. Zaidi ya hayo, matoleo hayo mapya yametuletea bodi, matairi na gia zinazoingia katika kigari cha zamani. Kwa hiyo inawezekana kuitundika ukutani bodi ya mwaka 1984 pamoja na makovu yake, na kukimbia kwa bodi mpya. Zamani kuhifadhi na kutumia vilionekana kuwa maadui. Leo vinaweza kukaa nyumba moja.

Mwingine atatuuliza kutoka upande wa pili: “Kwa nini msikiache kabisa, kama kilivyo, ndani ya kioo?” Kwa boksi ambalo halijafunguliwa kamwe, pengine. Lakini kigari kilichokwisha kukimbia hakilindwi na kioo peke yake. Mpira wa matairi hukauka na kupasuka ukiwa umekaa tu, grisi hugeuka gundi, na betri iliyosahaulika humo huvuja na kula vyuma. Kukiendesha mara chache kwa mwaka, kisha kukisafisha, ni njia mojawapo ya kukitunza.

Yafaa pia tuwe waangalifu tusije tukafuta kwa kisingizio cha usafi. Mwaka huohuo wa 1984, kampuni ya Team Associated ya Marekani ilitoa RC10, kigari chenye chasisi ya alumini kilichokusudiwa hasa mashindano. Mwaka 1985, huko Del Mar katika jimbo la California, Jay Halsey aliibuka bingwa wa dunia kwa kigari hicho katika daraja la magurudumu mawili yanayosukuma. Madereva wa zama zile walitoboa chasisi ili kupunguza uzito, walihamisha betri, walibadili mikono ya magurudumu usiku wa kuamkia mashindano. Ukiikuta RC10 yenye matundu kama hayo, usikimbilie kuinunulia chasisi mpya inayong'aa. Matundu hayo ni ushahidi wa fikra ya dereva. Ni boresho, naam, lakini ni boresho lililokwisha kuwa historia.

Tena liko jambo la uaminifu. Vipande vya matoleo mapya hufanana mno na vya zamani, na vya zamani vina bei kubwa. Mtu akiuza kigari kilichochanganywa huku akisema kwamba vyote ni vya mwaka 1984, huo ni udanganyifu, hata kama mnunuzi hataugundua kamwe. Tunashauri kila mwenye kutengeneza awe na daftari dogo: aandike tarehe, kipande kilichotolewa, kipande kilichowekwa na kilikotoka. Vipande vilivyotolewa avitie katika mifuko yenye maandishi, vikae katika boksi moja na kigari. Daftari hilo litamlinda mnunuzi, na litamfaa mtoto atakayekirithi kigari bila kukijua.

Wapendwa wasomaji, kabla hujaweka bisibisi kwenye kitu cha kale, jiulize mambo matatu. Je, badiliko hili litakisaidia kitu hiki kufanya kazi kiliyoundiwa? Je, atakayekuja baada yangu ataweza kulitengua? Je, niko tayari kuliandika wazi? Ukijibu ndiyo mara tatu, endelea kwa moyo mweupe. Ukikwama kwenye lolote kati ya hayo, rudisha bisibisi mfukoni, funika boksi, ulale. Kigari kimengoja miaka arobaini, kitangoja na usiku mmoja zaidi.