Mshauri wa mtoto asishike fimbo

Habari za afya ya akili ya watoto sasa zinasikika hata katika hotuba za wageni rasmi kwenye mahafali ya darasa la saba, na hilo ni jambo la kushukuru. Shule zinatakiwa kuwa na walimu wa ushauri nasaha, na Serikali imekuwa ikifungua madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto ndani na nje ya shule ili mwanafunzi ajue pa kupeleka lililomsibu. Tatizo ni kwamba katika shule nyingi za msingi mwalimu anayetakiwa kumsikiliza mtoto saa nne ndiye huyo huyo aliyekuwa zamu asubuhi, akiwachapa mstarini waliochelewa. Mtoto wa miaka tisa hawezi kumwogopa mtu saa moja na kumfungulia moyo saa nne. Ndiyo maana nasema kwamba mpango wowote wa kutunza afya ya akili katika shule zetu za msingi utabaki maneno matupu hadi viboko viondoke, na viondoke kisheria.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hazikuandikwa kwa nia ya kuhalalisha vipigo vya kila siku. Zinataka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, ndiye achape. Viboko visizidi vinne. Na adhabu iandikwe kwenye daftari. Ukizisoma, utadhani kiboko ni adhabu adimu sana. Hali halisi ni nyingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania, ulikuta asilimia 95 wamewahi kuchapwa nyumbani au shuleni, na karibu robo yao walichapwa hadi kuumia. Waliochapwa zaidi ndio walioonyesha zaidi ukorofi na ugomvi, na moyo wao wa kuwasaidia wenzao ulikuwa mdogo. Atatokea mtu aseme kwamba watundu ndio huchapwa sana, kwa hiyo utundu ulitangulia. Ni kweli kwamba utafiti wa namna ile hauwezi kuamua kipi kilianza. Lakini hata tukikubali hoja hiyo, bado inatuachia swali gumu: kama viboko vinafundisha adabu, mbona waliovionja zaidi ndio hawakuipata?

Mtoto mdogo mara nyingi hasemi kwamba ana hofu. Husema tumbo linamuuma, tena asubuhi ya Jumatatu, na likizo ikifika tumbo linapona. Huanza tena kukojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha. Hunyamaza mwalimu akiuliza swali, ingawa jibu analo, kwa sababu amejifunza kwamba kukosea kuna gharama na kunyamaza angalau kunapita. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi huyatafsiri hayo kuwa uvivu, utoro au kiburi, na kwa kuwa dawa aliyonayo mkononi ni moja, humpa mgonjwa kile kile kilichomuuguza. Akili iliyoshughulika kujilinda haina nafasi ya sehemu na desimali. Inaniuma kuona tunatumia miaka kujadili kwa nini watoto wanafika madarasa ya juu bila kusoma vizuri, tukitaja vitabu, madawati na mitaala, bila kuitaja hofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nusu ya matatizo ya afya ya akili ya watu wazima huwa yamekwisha kuanza mtu akifika umri wa miaka 14. Umri huo kwetu ndio wa darasa la saba au mwanzo wa sekondari, kwa hiyo mengi huota mizizi mtoto akiwa bado amevaa sare ya shule ya msingi.

Pingamizi zito ni la walimu wenyewe, na halistahili kubezwa. Mwalimu aliye peke yake mbele ya watoto mia moja, wengine wameketi sakafuni, ana haki ya kuuliza atawatulizaje. Jibu linaweza kutafutwa kwa jirani. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilihusishwa katika jaribio la mpango wa kujenga shule isiyo na vipigo, ambamo walimu, wanafunzi na wazazi walipanga pamoja kanuni za shule na adhabu zisizoumiza. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango, na asilimia 49 katika shule zisizo nao. Watoto walijisikia salama zaidi shuleni. Alama zao za majaribio hazikupanda, na hilo lazima lisemwe. Lakini pia hazikushuka, na wanaoamini kwamba bila fimbo elimu itaporomoka wana deni la kulieleza hilo.

Wengine hushika mila: mchelea mwana kulia hulia yeye. Sina ugomvi na mithali hiyo, maana mtoto asiyekanywa huharibika. Ila malezi ya wazee wetu hayakuwa fimbo peke yake. Baba akikaripia, palikuwa na bibi wa kukimbilia, au shangazi, au babu mwenye utani na wajukuu. Aliyeadhibu na aliyefariji hawakuwa mtu mmoja, na mtoto alijua mlango upi uko wazi. Shule imechukua fimbo kutoka katika malezi hayo na kumwacha bibi nyuma.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na bado taarifa za watoto kupigwa hazijaisha. Hilo linatuonya kwamba sheria peke yake haitoshi. Mwalimu aliyefundishwa kwa fimbo atafundisha kwa fimbo asipoonyeshwa njia nyingine, kwa hiyo vyuo vya ualimu vina kazi kubwa hapa. Wala hatuhitaji kusubiri kila shule ipate mwanasaikolojia, kwani hao hatuna wa kutosha. Tunaweza kuanza na mwalimu mmoja wa malezi aliyepunguziwa vipindi, asiyeshika zamu ya adhabu, mwenye chumba chenye mlango unaofungwa, anayemfahamu afisa ustawi wa jamii wa eneo lake na anayewafundisha watoto kwamba namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, hupigwa bure.

Waziri mwenye dhamana ya elimu aanze kwa kufuta kanuni za mwaka 2002 katika shule za msingi. Wakati hilo likisubiriwa, wazazi wana la kufanya. Kanuni hizo hizo zinataka kila kiboko kiandikwe. Basi katika kikao kijacho cha wazazi, ombeni daftari la adhabu liletwe mezani na lisomwe.