Gari Lisiiachie Nyumba Giza

Magari ya umeme yamekwisha kuingia mitaani mwetu, na malalamiko yake yamefuata. Mzee anachomeka gari saa moja jioni, na kabla chakula hakijaiva nyumba nzima imo gizani. Watoto wanafunga vitabu, naye fundi anaitwa kwa hasira.

Hebu tupige hesabu kwanza. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Waya wa kuchajia unaochomekwa kwenye soketi ya kawaida huvuta kama ampea 10, yaani wati 2,400. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8 na zaidi. Pasi ya wati 1,200, ampea 5. Viwashe vyote kwenye laini moja yenye breka ya ampea 20, na jumla imepita 23. Breka haijaharibika, inafanya kazi yake. Birika nalo huchemka dakika chache tu, bali Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 24, ikiwa karibu tupu, itavuta saa kumi hivi au zaidi.

Angalia breka inazima lini. Ikizima papo hapo unapochomeka, usiirudishe tena na tena: huenda stima inavuja, labda waya umeingia maji. Ikizima baada ya muda, mzigo umezidi, au kiungo kimelegea na kinapata moto. Iguse plagi baada ya nusu saa. Ikiwa inaunguza au imegeuka rangi, zima swichi, chomoa, na soketi hiyo usiitumie tena mpaka ibadilishwe.

Kuna mafundi watakaokushauri utoe breka ya 20 utie ya 32, na kweli giza litakwisha. Lakini breka huchaguliwa kufuatana na unene wa waya uliomo ukutani, na waya huo haukubadilishwa. Utapata moto mwingi bila cha kuuzuia, nanyi mmelala! Fundi wa namna hiyo mwonyeshe mlango.

Dawa yenyewe ni laini ya gari peke yake, kutoka kwenye boksi la swichi hadi gari linapoegeshwa, yenye breka yake na kifaa cha kukata stima ikivuja. Iwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Wewe mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Kwa sasa, chaji baada ya saa nne usiku, watu wakiisha kupika na kuoga. Hita ya bafuni peke yake huweza kuvuta ampea 20, na hata ikiwa na laini yake, mzigo wote hupitia swichi kuu. Magari mengi huweza kupangiwa saa ya kuanza, na mengine kupunguziwa ampea. Yatachelewa kujaa, lakini ugali utaiva.

Na ile ekstensheni inayoteremshwa dirishani kutoka orofa ya tatu, imeviringwa nusu kwenye gurudumu lake? Waya ulioviringwa hushika joto hadi ukayeyuka. Irudishe ndani.