Mafundi wa Katwe, Mashine Zenu Zizungumze Lugha Moja

Sifa ya Katwe, mtaa wa Kampala ulio kando ya barabara iendayo Entebbe, ni kazi ya mikono. Hapo bati, chuma na nyaya hugeuzwa kuwa masufuria, majiko, mashine za kusagia na mashine za kutotolea vifaranga. Mfugaji mdogo asiyeweza kununua mashine ya kutoka ng'ambo huipata Katwe kwa bei anayoimudu. Kwa hiyo kasoro ya mashine hizo si jambo la fundi peke yake. Ni jambo la riziki ya wananchi wengi.

Kasoro ninayotaka kuizungumzia leo haimo katika chuma wala katika uchomeleaji. Imo katika ukimya. Kila mashine ina kidhibiti chake cha joto, na kila kidhibiti ni bubu mbele ya mwenzake.

Yafaa tukumbuke kwanza kazi ya chombo hiki. Kudhibiti joto la mayai si jambo la jana: Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyeishi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 17, alibuni tanuri la kutotolea vifaranga lililojirekebisha joto lenyewe. Kanuni haijabadilika. Kidhibiti hulinganisha namba mbili: joto lililopo, na joto lililokusudiwa. Lililopo likipungua, huwasha moto. Likizidi, huuzima au huwasha feni. Yai la kuku huhitaji nyuzi 37.5 hivi za Selsiasi kwa siku 21. Nyuzi mbili au tatu zikizidi kwa saa kadhaa, vifaranga hufia ndani ya maganda.

Sasa tumtazame mfugaji aliyepanua kazi yake. Ana ghala la mayai ya kutotolesha, linalotakiwa kuwa na ubaridi wa nyuzi 15 hadi 18. Ana mashine ya kutotolea. Ana pia banda la kulelea vifaranga, ambalo wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35. Vyombo hivi amevinunua kwa mafundi watatu. Hita ya banda imewekwa ifikishe nyuzi 33. Feni ya banda hilo hilo, iliyofungwa na fundi mwingine, imewekwa ianze kuzunguka ifikapo nyuzi 31. Hita inapasha, feni inapoza, wala hakuna ajuaye kwamba mwenzake yupo. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Na hapa anayelipa gharama ya ugomvi wao ni mfugaji, kila mwezi, katika ankara ya umeme.

Dawa yake inajulikana. Vidhibiti viunganishwe kwa waya, vipashane habari. Lakini habari gani? Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani yatosha kupeleka joto lililopo. Namba pekee haina maana. Nyuzi 33 ni heri katika banda la vifaranga, ni msiba katika mashine ya kutotolea, na ni uharibifu katika ghala la mayai. Ni lazima joto lililopo liandamane na joto lililokusudiwa. Ndipo hita na feni ziweze kuachiana nafasi, na ndipo kengele iweze kumwamsha mwenye mali usiku kwa sababu ya kweli.

Na habari hizo hazina budi kusemwa kwa lugha moja. Lugha zipo tayari. Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979, haidai ada kwa mtu yeyote, na yaweza kupita katika jozi moja ya nyaya kwa umbali wa zaidi ya kilomita moja. BACnet, iliyokubaliwa kuwa kanuni huko Marekani mwaka 1995, inatumika katika majengo makubwa duniani. Lakini Modbus hubeba namba tupu. Haisemi namba hiyo ni ya nini. Fundi mmoja akiandika 33 kwa nyuzi kamili, na kidhibiti cha mwenzake kikisoma kwa sehemu za kumi, kitaona nyuzi 3.3, nacho kitawasha moto bila kuuzima. Mwingine akitumia Farenhaiti, 99.5 yake ni 37.5 yetu. Waya umeungana, maana imepotea.

Kwa sababu hiyo nashauri mafundi wa Katwe wakae pamoja waandike ukurasa mmoja tu: joto lililopo mahali fulani, joto lililokusudiwa mahali fulani, yote kwa sehemu za kumi za Selsiasi, nani ana ruhusa ya kubadilisha kiwango, na waya ukikatika, kila kidhibiti kiendelee na kazi yake kwa kiwango chake cha mwisho, kikipiga kengele. Sharti hili la mwisho lisisahauliwe, kwani mtandao usiwe bwana wa mashine. Shirika la Viwango la Uganda na Chuo Kikuu cha Makerere wanao uwezo wa kuupima ukurasa huo na kuutia nguvu.

Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kutoa siri ya biashara. Hoja hiyo haina uzito. Siri ya fundi imo katika mkono wake: jinsi anavyozuia joto lisivuje, anavyogawanya hewa ndani ya sanduku, anavyogeuza mayai bila kuyatikisa. Namba ya joto si siri; mteja huisoma mlangoni. Wengine watalalamikia gharama. Ni kweli kwamba kidhibiti chenye njia ya mawasiliano huuzwa ghali kuliko kile bubu. Lakini tofauti hiyo na ilinganishwe na hasara ya mayai ya siku 21, pamoja na chakula na matumaini ya nyumba nzima.

Mashine za kutoka ng'ambo huja zikiwa seti moja, sehemu zake zikielewana. Fundi mmoja wa Katwe hawezi kushindana na seti hiyo. Mafundi wote wakielewana wanaweza. Kidole kimoja hakivunji chawa.