Njia ya mabehewa ya Kemondo: shehena ya uhakika ndiyo itakayoifufua

Kahawa inayovunwa katika Kata ya Kanoni, wilayani Karagwe, husafiri mbali kabla ya kupakiwa melini kwenda ng'ambo. Bei anayoipata mkulima ni ile inayobaki baada ya gharama za njiani kuondolewa. Ndiyo maana suala la kufufua usafirishaji wa mizigo kwa mabehewa kupitia Bandari ya Kemondo linawagusa wananchi wa Karagwe na Kyerwa, ingawa wilaya hizo hazina hata kilomita moja ya reli.

Mkoa wa Kagera haumo katika mtandao wa reli ya nchi kavu. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 na kuishia ufukweni. Ili kuvuka Ziwa Victoria, zilijengwa meli zenye reli sitahani, ambazo hubeba mabehewa yakiwa na mizigo yake. Meli ya MV Umoja, iliyoundwa miaka ya 1960, ni mojawapo. Bandari ya Mwanza Kusini na Bandari ya Kemondo, jirani na Bukoba, zina magati maalumu ya kupokea meli za namna hiyo. Kwa mpangilio huo, gunia linalopakiwa kwenye behewa Kemondo linaweza kufika Dar es Salaam bila kushushwa njiani.

Huduma hiyo ilidhoofika kadiri reli ya zamani na meli zilivyochakaa, na malori yakachukua nafasi yake. Hata hivyo, ipo mifano miwili inayoonesha kuwa njia iliyosimama inaweza kurudi. Mwaka 2018, MV Umoja ilianza tena kuvusha mabehewa kati ya Mwanza Kusini na Port Bell, Uganda, baada ya takriban miaka kumi ya kusimama. Mwaka uliofuata, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilirejesha treni ya mizigo hadi Moshi, kwenye njia ya Kaskazini iliyokuwa imeota nyasi kwa zaidi ya miaka kumi. Oktoba 2020, treni ilifika tena Arusha.

Mifano hiyo ina fundisho moja. Kukarabati reli, daraja au gati ni mwanzo tu wa kazi. Njia huendelea kuishi pale inapopata mzigo wa kutosha, unaokwenda na unaorudi, kwa ratiba ambayo mfanyabiashara anaweza kuitegemea. Treni au meli inayorudi tupu humlazimu mteja wa safari ya kwenda kulipia pia safari ya kurudi.

Kwa upande wa mzigo wa kwenda, Karagwe na Kyerwa zina faida. Kahawa hukusanywa na vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe (KDCU). Mzigo uliokwisha kukusanywa ghalani ni rahisi kupangiwa behewa kuliko ule uliotawanyika kwa wakulima mmoja mmoja. Ukubwa wa meli unaeleza kwa nini jambo hilo ni la msingi: MV Umoja hubeba hadi tani 1,200 kwa safari moja, sawa na malori 40 ya tani 30. Ghala la chama kimoja haliwezi kuijaza. Vyama vikipanga kwa pamoja, inawezekana.

Changamoto ni kwamba kahawa ina msimu wake. Magala yakiisha kusafishwa, meli itahitaji mzigo mwingine, kama vile maharage. Kutoka Mwanza, mzigo wa kurudi unaweza kuwa saruji, mbolea na vifaa vya ujenzi, ambavyo Kagera huvihitaji mwaka mzima.

Lipo pia suala la kitaalamu. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, na mabehewa yanayovushwa ziwani ni ya upana huo. Reli ya kisasa (SGR) inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Kwa hiyo, mzigo wa Kagera ama utaendelea kutumia reli ya zamani, ambayo kipande chake cha Dar es Salaam hadi Isaka kilikarabatiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ama utahamishiwa kwenye mabehewa ya SGR. Kila kuhamisha kuna gharama na muda. Matumizi ya makasha yanaweza kupunguza mzigo huo, kwa kuwa kasha huhamishwa na winchi likiwa limefungwa.

Lori halitaondoka katika safari hii. Kutoka Kanoni hadi Kemondo, barabara itabaki kuwa hatua ya kwanza, na mizigo inayoharibika upesi, kama ndizi, itaendelea kuhitaji usafiri wa haraka. Reli na meli zinafaa kwa mzigo mzito usio na haraka.

Kwa wananchi wanaofuatilia taarifa za miradi ya bandari na reli, mambo matatu yanastahili kuangaliwa: ratiba ya meli inayozingatiwa, nauli ya mzigo kwa tani ikilinganishwa na ya lori, na makubaliano ya mapema kati ya vyama vya ushirika na wasafirishaji. Gati lipo na ziwa lipo. Kitakachoamua ni kama mzigo utaahidiwa kabla ya msimu, na kama meli itafika siku iliyotangazwa.