Tumeziona Sinema: Picha Mbili za Kwetu

Wengi hutuuliza kama sinema ni kitu chema au kibaya. Jawabu letu ni lile lile: sinema ni kama kitabu, wala haifai kuihukumu kabla ya kujua yasemwayo ndani yake. Basi mwezi huu twapenda kuzipima picha mbili zilizotengenezwa huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambazo ndani yake Kiswahili chasikika.

Ya kwanza ni Supa Modo, ya mwaka 2018, kazi ya Bwana Likarion Wainaina wa Kenya. Habari yake ni ya mtoto wa kike, jina lake Jo, mwenye umri wa miaka 9, ambaye ugonjwa wake hauna dawa. Mama yake amtoa hospitali, amrudisha kijijini, ili siku zake zilizosalia azimalize kwao. Mama, kwa uchungu wake, ataka akae ndani atulie. Lakini dada yake, Mwix, aona kwamba mtoto aliyekatazwa kucheza ni kama aliyekwisha kuzikwa. Jo apenda mno mashujaa wenye nguvu za ajabu. Basi dada amfanya aamini kwamba naye anazo nguvu hizo, na kijiji kizima chashiriki, hata wakaanza kutengeneza sinema yao wenyewe, Jo akiwa ndiye shujaa.

Baada ya kuiona tulibishana sana. Wengine wetu walisema, Huku ni kumdanganya mtoto, na uongo haugeuki kuwa kweli kwa kupambwa. Wengine wakajibu, Ni mchezo, na mtoto mgonjwa haki yake ni kucheza. Mwisho tulipatana hivi: kosa kubwa lingalikuwa kumwacha peke yake na maradhi yake. Ni nyumba ngapi zenye mgonjwa, ambazo jirani hupita mbali kwa kuwa hajui la kusema? Kijiji kile nacho hakikujua la kusema, lakini kilikwenda. Twaona kasoro moja tu, kwamba watu wale wakubali upesi mno; huku kwetu angalikuwapo mmoja wa kununa.

Ya pili ni Vuta N'kuvute, ya mwaka 2021, ambayo Bwana Amil Shivji wa Tanzania aliitoa katika kitabu cha Bwana Adam Shafi. Twaonyeshwa Unguja ya miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, akimbia ndoa ya mume aliyempita sana kwa umri, akutana na Denge, kijana apiganiaye uhuru. Picha zake ni nzuri ajabu, mwendo wake ni wa taratibu. Lakini aliyekisoma kitabu atawakosa wengi aliowazoea. Si ya watoto wadogo. Ni ya vijana, na zaidi ni ya baba ahesabuye mahari kabla ya kumwuliza bintiye.

Tukiulizwa ipi ianze, twasema Supa Modo, jamaa wote wakiwa pamoja. Wala msiende kulala kabla ya kuzungumza. Na kama kuna mgonjwa jirani, kesho mwendeeni.