Kamera nane, kumbukumbu ya siku tano

Wasee, kuna uongo mmoja hapa Makongeni, Thika, ambao tumeumeza bila kutafuna. Tangazo la keja linasema: maji kila siku, tokeni zako mwenyewe, CCTV. Tukiona hiyo CCTV tunalipa deposit na kulala fofofo.

Kwa ploti yetu ziko kamera nane. Jirani yangu alienda ushago, akarudi baada ya siku tisa, akapata kufuli imekatwa, TV imeenda, mtungi wa gesi umeenda. Majirani walikuwa wameona ule mlango umerudishwa vizuri tangu usiku wa kwanza, wakadhani yuko ndani. Tukaenda kwa keateka. Akarudisha video nyuma, akarudisha tena, kisha akasema kwa upole: "Hiyo siku imeshajifuta." Video ya zamani kabisa ilikuwa ya siku tano.

Tupige hesabu. Kamera moja ya 1080p ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nane, 172.8. Diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha. Ikijaa, NVR, kile kisanduku cha kurekodi, inaandika juu ya video za zamani bila kumwambia mtu. Mashine haikuharibika. Ilifanya kazi vile ilivyonunuliwa. Landilodi alinunua macho nane akasahau kichwa.

Najua utetezi wake. "Kamera zinatisha wezi." Zinatisha mwezi wa kwanza. Sanamu ya shambani pia hutisha ndege, mpaka siku wanapoizoea na kutua juu yake. "Diski kubwa ni ghali." Basi punguza kamera! Nne tu, geti, ngazi, korido na pale pikipiki hulala, kwa diski ya terabaiti 4, zinakupa siku 46. Nani alisema ukuta wa nyuma unahitaji kamera tatu? Ni fundi, kwa sababu kamera inaonekana na diski haionekani. Watu hulipia kinachoonekana.

Na si kila diski. Ile ya kompyuta ya kawaida imeundwa kufanya kazi kiasi na kupumzika. Ya CCTV inaandika saa 24, kila siku, ndiyo maana kuna zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Fundi akikuwekea iliyotolewa kwa kompyuta kuukuu, siku utakayoihitaji ndiyo utajua imekufa.

Halafu inakaa wapi? Kwetu NVR iko juu ya meza ya keateka, karibu na dirisha. Mwizi mwenye akili anaibeba kwanza. Ifungiwe ndani ya kabati la chuma. Kamera ya geti iwekewe memori kadi yake, na video zake fupi za mtu akipita zitumwe mtandaoni. Kutuma zote nane mtandaoni ni ndoto. Hiyo ni megabiti 16 kila sekunde, usiku na mchana, na wifi ya ploti yenyewe inalia YouTube ikifunguliwa.

Lakini swali kubwa kuliko terabaiti ni hili: nani anashika ufunguo? Juni 2025, Albert Ojwang', mwalimu aliyekuwa akiandika mtandaoni kama sisi, alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. IPOA iliiambia Seneti kwamba mfumo wa CCTV wa kituo hicho ulikuwa umechezewa. Kamera zilikuwepo. Kumbukumbu ndiyo iliyoguswa. Kama hilo linawezekana katikati ya jiji, ndani ya kituo cha polisi, kwa ploti ambapo keateka pekee ndiye ana paswadi litashindikana vipi?

Kwa hivyo mfumo uandike kila anayeingia ndani yake, na paswadi isiwe ya mtu mmoja. Na wewe mpangaji usiombe kama unaomba chumvi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kufikia data yako, na video inayoonyesha uso wako ni data yako.

Ukienda kutafuta keja wikendi hii, usiulize kama kuna CCTV. Uliza inakumbuka siku ngapi, kisha mwambie keateka akuonyeshe, hapo hapo, video ya wiki tatu zilizopita. Akianza kujikuna kichwa, hiyo ploti haina CCTV. Ina mapambo. Na bei ya mapambo isiwekwe kwa rent yako.